Mgongo Usiosikia

Inzai, mwishoni mwa Novemba

Mdogo wangu Shunpei,

Pokea salamu zetu kutoka nyumbani. U hali gani huko Sapporo? Kila redio inapotangaza kwamba theluji imefunga barabara za kwenu, najiuliza kama umenunua mafuta ya kutosha ya jiko lako la kupashia chumba, au umejifunika mablanketi kama zamani ukidai husikii baridi. Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua, lakini bado anapanda ngazi huku akilitukana. Ametundika figili kibarazani zikauke, na ameniagiza nikuulize kama zile za mwaka jana zilikufika salama, maana hukusema hata asante. Mimi nakula na kulala. Majirani wameacha kuniletea vyakula, nadhani wameona nimeshapoa.

Siku ya mazishi ya mume wangu Kiyoharu ulinifuata jikoni. Uliniuliza kwa nini shemeji yako aliacha mchezo ghafla, kwa nini mwaka mzima alikuwa hapokei simu zako, anakujibu kwa ujumbe wa maneno mawili matatu tu, na kwa nini hatukuweka mavazi yake ya uwanjani ndani ya jeneza, ilhali kila mtu anajua alivyoyapenda. Nilikuambia chai inapoa, tuwapelekee wageni. Halikuwa jibu lile, na ulilijua hilo. Nakuandikia sasa nikujibu. Naomba usome taratibu, ukiwa umekaa.

Nianzie mbali kidogo. Unaukumbuka mlango wa chumba chako. Ulipoacha kazi kwenye ile kampuni ulijifungia, na sote tukaja kuusemesha mlango. Mama alibembeleza, mjomba alifoka, mimi nililia hadi nikaona haya. Kiyoharu ndiyo kwanza alikuwa amenioa. Yeye hakuubembeleza mlango. Aliweka sakafuni bunduki yake ya kuchezea iliyoharibika, bisibisi na kopo la grisi, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba gia imekatika meno, macho yake hayaoni skrubu ndogo hivi, na ukishindwa urudishe tu hapo hapo. Alidanganya, macho yake yalikuwa mazima. Baada ya siku kadhaa bunduki ikarudi nje ya mlango, safi, inafyatua. Akaweka nyingine mbovu. Ikaenda hivyo mpaka jioni ile ulipofungua mlango mwenyewe, nywele zimefika mabegani, ukamwambia, "Shemeji, grisi yote hii, kwani ndani ya bunduki unakaanga tempura?" Yalikuwa maneno yako ya kwanza kwa mtu wa nyumba hii baada ya karibu miaka mitatu. Mama alienda kulia bafuni. Kiyoharu alijibu tu kwamba basi umfundishe kiasi chake.

Yeye ndiye aliyekupeleka kwenye uwanja wa Bwana Ebihara, kule kwenye miti ya mierezi, ambako watu wazima huwindana kwa bunduki za kufyatua vipunje vya plastiki, na aliyepigwa hutoka. Nilikuwa nawafungia matonge ya wali, na mkirudi ninyi wawili mnakaa kibarazani mnasukuma kitambaa ndani ya mitutu, mnafuta vumbi, mnabishana kuhusu kile kimpira cha ndani kinachokipa kipunje mzunguko wake. Nilikuwa nawasikia. Nilimsikia akikufundisha adabu za mchezo pia: msalimie kila mtu asubuhi, hata usiyemjua, bunduki yako ipimwe nguvu kabla hujaingia, ukitoka kupumzika toa magazini na uzibe mtutu, miwani ya kinga isivuliwe uwanjani hata jasho likikupofusha. Na lile kubwa kuliko yote. Kipunje cha plastiki hakiachi alama, na hakuna mwamuzi anayeweza kuona kila kichaka, kwa hiyo mchezo mzima umesimama juu ya neno la aliyepigwa. Wageni wote alikuwa akiwaambia hivi: "Ukiwa na shaka, umepigwa. Inua mkono, sema, toka ukanywe chai." Rafiki yake Nagumo alikuwa akimtania mbele ya watu, "Huyu Kiyoharu hata jani likimdondokea begani anapiga kelele kwamba amepigwa!"

Majira ya baridi ya mwaka juzi ulikuwa umeshahamia Sapporo, na chaneli yako ya video za mchezo ilikuwa imeshapata watazamaji wengi. Shemeji yako hakukosa hata moja. Alikuwa akila huku simu ameiegemeza kwenye chupa ya soya, akimwambia Mama, "Msikilize kijana wako anavyoongea! Nani angeamini?"

Wakati huo huo alianza kuangusha vitu. Kandambili ilimvuka mguu wa kushoto, akatembea hadi chooni na kurudi bila kujua. Tulimcheka. Alisema ni uzee, nami nikasema uzee umemkuta mapema, na hatukulizungumza tena.

Kisha akaenda Gunma na Nagumo kujaribu uwanja mpya, ambako hakuna anayewajua. Alivaa mavazi mapya na kinyago cha uso mzima, kwa sababu ya meno yake yaliyotengenezwa kwa gharama. Alirudi na furaha. Aliniambia tu kwamba kijana mmoja mwenye kamera kichwani alimfokea sana baada ya mchezo, naye akainama akaomba radhi, ingawa hakuelewa kosa lake.

Haukupita muda video ikatokea. Kijana yule alikuwa ameituma kwenye chaneli kubwa, na chaneli ikairusha. Hata kinyago chake kilikuwa kimefichwa kwa ukungu. Inaonyesha mtu amechutama nyuma ya ukuta wa mbao, na vipunje vyeupe vinamgonga mgongoni kimoja baada ya kingine, vinaruka, naye hatikisiki. Kisha anainuka na kukimbilia ukuta wa pili kana kwamba hakuna kitu. Mwenye chaneli aliipunguza mwendo, akavihesabu vipunje kwa kicheko. "Tazameni babu huyu! Zombi mwenyewe, anapigwa hafi, hatoki! Huyu hata umpige mzinga atakuuliza chakula cha mchana saa ngapi!"

Shunpei, watu walicheka kwa mamia. Mmoja akatambua nembo ya kikundi begani, mwingine akataja jina la kikundi, mwingine akaandika kwamba mzee huyo hucheza kwa Ebihara kila Jumapili. Walimwita mwongo, kikongwe, doa la mchezo. Mmoja aliandika abaki nyumbani alee wajukuu. Unajua jinsi mimi na Kiyoharu tulivyotamani mtoto. Bwana Ebihara alipiga simu, akaomba radhi mara nyingi mno kabla ya kufika alichotaka kusema, kwamba labda Kiyoharu apumzike kidogo mpaka upepo utulie. Nagumo alibishana na wale watu mtandaoni mpaka vidole vikamuuma, wakamwita zombi namba mbili.

Kiyoharu hakubishana na yeyote. Alikaa mezani akiitazama ile video, akifika mwisho anairudisha. Nilidhani ni aibu. Nikamwambia aiache, ajitese kwa faida ya nani. Akaniambia, "Mitsuyo, hebu njoo. Hivi vinanigonga kweli."

Jumapili asubuhi alinitoa uani. Alivaa miwani, akanivisha na mimi, akanipa bunduki yake, akageuka akashika ukuta wa banda. Jirani alikuwa akianika magodoro, akabaki ametukodolea macho. Kiyoharu aliniambia nimpige mgongoni. Nilikataa, akasisitiza kwa upole ule ule uliokutoa wewe chumbani. Nikafyatua. Nikafyatua tena na tena, naona vipunje vinagonga sweta yake na kuangukia kwenye changarawe.

"Piga basi," akasema. "Unaogopa nini?"

"Nimeshapiga," nikamwambia.

Hakugeuka. Alibaki ameshika ule ukuta. Baadaye akaniuliza mara ngapi, nami nikaanza kuviokota vipunje kwenye changarawe, nivihesabu.

Hospitali walikuta uvimbe ndani ya uti wa mgongo, ulioanza kimya kimya siku nyingi. Daktari alimuuliza kilichomleta ni nini, kwa kuwa watu wengi husubiri mpaka mguu ugome kabisa. Kiyoharu akajibu kwamba aliambiwa mtandaoni. Daktari alidhani ni mzaha. Walimpasua, wakatoa walichoweza, na baada ya hapo ni kiti cha magurudumu, kile ulichokiona kimekunjwa nyuma ya mlango siku ya mazishi. Wewe tulikuambia ni mgongo tu, anapata nafuu. Ndivyo alivyotaka. Mikono yake ilipokuwa bado inamtii alisafisha bunduki zake zote, akabadilisha kila mpira uliochoka, akampa Bwana Ebihara agawie wageni wasio na kitu. Ebihara aliinama mpaka paji la uso likagusa sakafu ya wodi, na Kiyoharu akamwambia ainuke, manesi wanapita hapo na viatu vyao. Kuhusu mavazi, aliyakataa mwenyewe. Alisema huko aendako asije akasimamishwa mlangoni akaulizwa kama yeye ndiye yule zombi. Alitabasamu alipolisema hilo. Mimi sikuweza.

Nagumo alitaka kuandika ukweli wote hadharani, na majibu ya hospitali juu. Shemeji yako akakataa katakata.

Ndugu yangu, nadhani umeshajua. Chaneli ile ilikuwa yako. Sauti iliyohesabu vipunje ilikuwa yako. Kiyoharu aliijua tangu neno la kwanza, akiwa hapa mezani, na simu imeegemea chupa ya soya. Nilimuuliza inawezekanaje usimtambue, wewe uliyekuwa ukiujua mwendo wake kutoka upande wa pili wa msitu. Akasema nisikulaumu, maana mwendo wenyewe ulikuwa umeshabadilika, nembo ile kikundi kiliishona baada ya wewe kuhama, na maoni kwa mamia hakuna anayeyasoma yote.

Alinikataza kukuambia. Alisema, "Kijana alikaa kimya miaka, sasa ana sauti. Akijua, atarudi nyuma ya mlango, na safari hii mimi siwezi kuinama kuweka kitu sakafuni." Ndiyo maana hakupokea simu zako. Aliogopa ukimsikia tu utajua. Akaniambia pia jambo ambalo mpaka leo nashindwa kulibeba: kwamba bila video yako asingeenda hospitali, na miezi ile tuliyokaa pamoja kibarazani, mimi nikimmenyea machungwa, ulitupa wewe.

Yeye alisema hivyo. Mimi sikuwa kama yeye. Nilikuchukia, Shunpei. Majira yote ya mvua, nilipokuwa nikimgeuza kitandani asipate vidonda, nilikuwa nasikia kicheko chako. Siku ya mazishi ulipolia umekumbatia picha yake, nilitamani kukusukuma, na pia nilitamani kukufuta machozi, na sikufanya lolote.

Ningelizika jambo hili pamoja naye kama alivyotaka. Lakini juzi ulirusha video nyingine. Mtu mnene mwenye koti la kijani, anapigwa hatoki, na wewe unamcheka kwa maneno yale yale. Huenda ni mwongo kweli. Waongo wapo, hata Kiyoharu aliwajua kwa majina. Lakini hukumuuliza. Huna hakika, na wewe ulifundishwa la kufanya mtu akiwa na shaka. Mtafute kabla wengine hawajamtafuta. Mwambie aende kwa daktari, na akikutukana, mwombe radhi.

Usirudi nyuma ya mlango. Hilo silisemi kwa ajili yako, nalisema kwa ajili yake, maana ukifanya hivyo utakuwa umemwondolea hata kile kidogo alichoondoka nacho. Ibada ya kumwombea, siku ya arobaini na tisa tangu afariki, inakaribia. Njoo. Nimekwisha kumwambia Mama kwamba utakuja, na yeye hajui lolote, wala sitamwambia. Sijui kama nimekusamehe. Najua tu kwamba nimeshaanika godoro lako.

Na nina ombi moja. Ile video, ifute huko ulikoiweka, lakini usiipoteze. Nimetafuta katika simu yangu na yake, na picha zote za Kiyoharu zinamwonyesha amekaa, anakula, au amesimama kando ya watu. Ni pale tu anaonekana anakimbia. Anainuka, mgongo wake mzima, na anakimbia kama kijana mpaka kwenye ule ukuta wa pili. Niletee kipande hicho. Ondoa sauti yako kwanza.

Mama anakusalimu, na anasema ule mboga. Nagumo naye nilimwambia nakuandikia. Alisema nikusalimie. Njiani ujifunike shingo.

Ni mimi dada yako,
Mitsuyo