Tinti ya Gari la Baba

Yuma, 3 Mei

Mwanangu Marisela,

Hujambo? Mimi naendelea, isipokuwa shavu la kushoto. Miaka yote ya kuendesha malori, jua la dirisha la dereva limenipiga upande huo. Madaktari wamekata kipande chenye saratani, wakasema niweke tinti, ile karatasi ya kuzuia jua, kwenye vioo vya gari. Fundi ana nyeusi tii, na nyingine karibu haionekani. Wewe ulifanya kazi hiyo kabla ya ualimu. Nichukue ipi?

Najua tumenyamaziana tangu nimwoe Consuelo, upesi mno baada ya mama yako kufariki. Nijibu hata kama ni la tinti tu.

Baba yako, Eusebio

Tucson, 20 Mei

Shikamoo Baba,

Pole sana. Huku wazima. Chukua isiyoonekana. Weusi si kinga. Kinachozuia miale ni ubora wa karatasi yenyewe. Ukiweka nyeusi mbele, polisi watakusimamisha kila kukicha, na jioni hutaona wanaovuka barabara.

Binti yako, Marisela

Yuma, 2 Septemba

Mwanangu,

Natumai u mzima. Kidonda changu kimefunga, lakini vibaya.

Sikukusikia, niliweka nyeusi. Sikutaka watu wauone uso huu, umevutwa kama kiatu kilichoshonwa na mlevi. Wiki iliyopita nilikuja Tucson, nikaegesha mbele ya shule unayofundisha, ile ninayotuma barua zako. Ukatoka na mtoto wa kike. Ukasimama kwenye kioo changu, ukajitengeneza nywele. Mtoto akabandika pua achungulie. Ukamwambia, "Inés, toka hapo, hilo gari la watu."

Kidole kilikuwa kwenye kitufe cha kioo. Sikubonyeza. Mlipopotea kwenye kona, nikarudi Yuma.

Ni mjukuu wangu yule?

Baba yako

Tucson, 9 Septemba

Shikamoo Baba,

Barua nimeisomea darasani, wanafunzi wakaniuliza nalia nini. Ni wako. Anaitwa Inés Eusebia, ana miaka minne.

Ungegonga tu kioo, Baba. Njoo Ijumaa ya tarehe 19, pale pale, watoto wakitoka shule. Ukituona, kiteremshe.

Binti yako

Tucson, 19 Septemba

Shikamoo Baba,

Hali yako? Nakupigia, simu inaita tu.

Tumengoja mpaka bawabu akafunga geti. Kila gari la vioo vyeusi lilipopunguza mwendo, Inés alilikimbilia: "Babu huyo." Kioo kikiteremka, ni mzazi wa mtoto mwingine. Nilikuwa namrudisha kwa mkono.

Jumamosi ya tarehe 27 tunakuja Yuma wenyewe. Kama unaumwa na huwezi kuinuka, mwambie Consuelo atufungulie mlango. Nitamwamkia.

Binti yako