Mimi Nilikuwa Darajani

Chumba namba sita,
Nyuma ya karakana ya zamani,
S.L.P. 114.
Jumatatu, tarehe 9 Machi.

Mpendwa mjukuu wangu, mpinzani wangu,

Mimi babu yako sasa nina miaka sabini na tisa. Nimewazika mabosi watatu. Karakana mbili zimefungwa nikiwa bado nafika kazini kabla ya mwenye funguo. Daktari aliyenikataza chumvi ametangulia yeye, na bibi yako, ambaye sote tulijua atanizika mimi, nimemzika mimi. Nayasema haya mapema ili ujue unasoma barua ya mtu ambaye hafi ovyo.

Marahaba. Najua hujaniamkia, lakini naitikia kabisa tuendelee. Hujambo? Unakula vizuri? Kile kifua cha baridi kimepoa? Baba yako kaniambia kazi yako ya kupanga mizigo ghalani ni ya kusimama kutwa. Yakande magoti kwa maji ya moto, usingoje yaanze kulia kama yangu. Mimi ni mzima. Macho yananisumbua kidogo, si kwa uzee, ni moto wa kuchomelea. Shule niliishia darasa la nne, lakini herufi zangu zimenyooka kuliko za baba yako aliyefika chuo.

Najua umeshangaa kupata barua. Simu yangu haijaharibika. Tangu siku ile tuliyogombana umepiga mara nne, na mara zote nne nilikuwa nimekaa kitandani naitazama inavyotetemeka juu ya kabati mpaka ikanyamaza. Mara ya tano hukupiga. Nimeona niandike, kwa sababu kwenye simu mdomo wangu hunitangulia.

Kwanza habari za hapa. Ile nyumba ya vyumba vitatu niliiacha, nikachukua chumba kimoja, nikidhani ukimya utapungua kwa kukosa pa kukaa. Umekaa tu, na kitandani unalala upande wa bibi yako. Asubuhi nasema chai tayari, halafu nakumbuka nimejiambia mwenyewe. Jirani yangu wa kulia ni fundi cherehani, mtu mzima kama mimi. Tunasalimiana kwa ukuta: yeye akikohoa, nami nakohoa, basi tunajua wote tumeamka.

Mwaka jana uliniambia kwamba kila Jumamosi unaingia kwenye mchezo ule wa kompyuta, na kwamba ungependa siku moja tukutane humo, kwenye daraja kubwa la mawe, mimi na wewe. Ulikuwa unatania. Mimi nilivaa viatu nikaenda.

Nilikwenda kwa Mama Chaja, yule mwenye duka la intaneti hapa kona, anayeuza chaja na kutengeneza simu. Akaniambia, "Mzee wangu, mchezo huu una mambo mengi." Nikamwambia, "Mama, mimi nimeendesha mashine ya kukata chuma iliyokula vidole vya watu wawili. Hiki kipanya ndicho kitanishinda?" Kilinishinda siku tatu. Hilo usimwambie mtu.

Sasa nikueleze mchezo ule ni kitu gani, maana naona ninyi vijana mnaucheza bila kuuelewa. Drafti ni ya watu wawili, na mkiondoka ubao umelala. Mchezo ule haulali. Ukizima kompyuta ukaenda nyumbani, kule watu wanaendelea kuuza, kupigana, kujenga, mvua inanyesha, na ukirudi kesho unakuta mambo yamepita bila wewe. Kwa hiyo si mchezo, ni mji. Maelfu wamo kwa wakati mmoja na kila mmoja ni mtu kweli, kakaa mahali fulani kwenye kiti chake. Halafu unachagua uwe nani, na ukishachagua ndiyo kazi yako. Mimi nilichagua mhunzi, nikajiita Chuma. Unaanza na nguo ya gunia, huna maana, kila kitu kinakupiga. Unafanya kazi, unapanda levo, ndizo ngazi zao, watu wanaanza kukujua. Na hakuna anayeshinda. Nilimwuliza Mama Chaja mchezo unaisha lini, akasema hauishi. Hapo ndipo nilipoupenda.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Nitaliandika mara moja tu.

Siku ya kwanza kompyuta iliniletea milango minne: Jua, Wingu, Nyota na Mwezi. Mama Chaja akasema, "Chagua kwa makini, mzee, muulize kwanza mjukuu wako yuko upi." Nikacheka. Mimi ndiye niliyechomelea mageti manne ya soko kuu, kaskazini, kusini, mashariki na magharibi. Ukiingilia geti lolote unakuta nyanya zilezile. Nani atanifundisha mimi habari za mageti? Nikabonyeza Jua kwa sababu lilikuwa la juu.

Nikafika darajani. Jumamosi ya kwanza nilisimama kwenye nguzo ya tatu, upande wa mto, tangu saa kumi mpaka Mama Chaja alipotaka kufunga. Sikukuona. Jumamosi ya pili vilevile. Mjukuu wangu, mimi upweke naujua, nakaa nao chumba kimoja, lakini ule wa darajani ulikuwa mwingine. Watu mia wanapita kwa farasi, wanaruka, wanacheza ngoma, wana mbawa, wana mapembe, na hakuna hata mmoja anayegeuza shingo. Mvua ya mle ndani ikinyesha, mimi dukani kwa Mama Chaja nilikuwa napandisha kola ya shati.

Nilizidisha siku. Nikawa nakwenda Jumatano na Ijumaa pia, huenda ulibadilishiwa zamu. Nilisimama sana mpaka siku moja akaja dada mmoja mwenye fimbo nyeupe, akanizunguka mara tatu, akaandika, "Samahani, wewe ni mtu au ni wale wa mchezo?" Nikamwuliza wale wa mchezo ndio akina nani. Akaandika, "Wale ambao hawana mtu nyuma yao. Wanasimama mahali pamoja siku zote, ukiwagusa wanakupa kazi." Kumbe wengi walikuwa wananigusa wakidhani mimi ni wa hao. Nilikuwa naona napigwapigwa begani, nikadhani ndiyo salamu zao.

Nikamjibu, "Mimi ni mtu. Lakini kama kazi mnataka, kazi ipo. Niletee vipande kumi vya chuma." Akaleta. Nikamtengenezea upanga. Akaenda kuwaambia wenzake, na wiki iliyofuata kulikuwa na foleni mpaka mwisho wa daraja. Sisifu, naeleza. Mle ndani ya Jua mimi ni levo thelathini na moja na naitwa Mzee wa Darajani, na yule dada, ambaye huku nje ni muuguzi wa wodi ya wazee, huniingiza kwenye kundi lao la watu watano tukapigane pangoni. Peke yako pangoni hutoki. Mmoja anapiga, mmoja anatibu, mmoja lazima asimame mbele apigwe yeye ili wengine wapone. Huyo ni mimi. Kusimama na kupigwa nimezoea.

Ndipo nikakupigia simu. Nilikuwa na furaha, nilitaka ushangae. Nikakwambia, "Niko darajani kila Jumamosi, nguzo ya tatu, wewe uko wapi?" Ukasema, "Babu, na mimi niko darajani kila Jumamosi. Sikuoni." Ukaniuliza nimeingilia mlango gani, maana wewe uko Wingu. Nikakujibu kwamba nimechomelea mageti kabla baba yako hajaota meno, siulizwi habari za milango. Ukacheka, ukasema, "Haya babu. Hii nayo ni kama ile ya kubeba injini peke yako."

Nataka ujue kilichoniuma. Si kicheko. Maisha yangu yote nimeongeza chumvi, hata yule daktari alijua, na wote mmezoea. Siku niliyosema jambo jinsi lilivyo, bila kuongeza hata punje, ndiyo siku niliyoitwa mwongo. Nikakwambia kama babu yako ni mwongo basi usimpigie tena. Nikakata. Nilidhani hukuwahi kuja darajani. Nilidhani ulisema unakuja ili mzee afurahi tu, ukaenda zako.

Kuhusu ile injini, tulikuwa wawili. Haya, tulikuwa wanne.

Wiki tatu zilizopita muuguzi aliniuliza namngoja nani pale siku zote hizo. Nikamweleza. Akauliza, "Babu, mjukuu wako yuko Jua kama sisi?" Nikasema kaingilia Wingu, lakini ndani si ni kumoja. Akaniandikia polepole, nadhani ndivyo anavyowaambia wagonjwa wake, "Ndani si kumoja, babu. Dunia ziko nne. Zimefanana kila jiwe, na daraja liko kwenye kila moja. Aliye Jua hawezi kumwona aliye Wingu."

Nilimwita Mama Chaja asome kwa macho yake. Akasoma, akasema, "Si nilikwambia?" Nikaomba maji.

Miezi minne, mjukuu wangu. Miezi minne tumesimama mahali pamoja, saa zilezile, daraja lilelile, kila mtu anamwona mwenzake hayupo.

Niliuliza kama naweza kuhama na vitu vyangu. Hakuna kuhama. Ukitaka Wingu unaanza upya, levo ya kwanza, gunia lako kiunoni. Wiki mbili nzima nikasema ahame yeye, mimi ndiye mkubwa. Nilimwambia hata fundi cherehani kwa ukuta, naye akasema, "Basi kaa na ukubwa wako." Mtu mwenye adabu kumbe anaweza kusema hivyo.

Jumamosi hii iliyopita nikaingia Wingu. Kutoka pale wanapozaliwa wageni mpaka darajani ni mbali, na njiani niliuawa na bata mara mbili. Mimi, Mzee wa Darajani. Nilifika saa kumi na robo.

Ulikuwepo. Koti jekundu, farasi mweusi, na juu ya kichwa limeandikwa Mpinzani, jina letu lile la tangu bibi yako akuite mume wake. Ulikuwa umesimama nguzo ya tatu, upande wa mto. Wenzako walipita wakakuita pangoni, ukawaambia watangulie. Kwa hiyo ulikuwa unakuja. Hata baada ya maneno yangu yale, na bila kuniamini, ulikuwa unakuja na unasimama pale nilipokwambia nasimama.

Nikakusogelea. Ukanitazama, ukashuka kwenye farasi, ukanipa koti la ngozi na mikate sita, ukaandika, "Karibu mgeni. Msituni usipite peke yako." Nikaandika "asante". Herufi sita, na kila moja niliitafuta. Ningeweza kuongeza "ni mimi". Vidole vilikuwa juu ya kibodi. Lakini niliona si vizuri mtu aliyekukatia simu ajitokeze na koti lako mwilini kana kwamba hakuna kilichotokea. Nikakaa kando ya nguzo. Ulisimama dakika arobaini ukiangalia upande huu na upande ule, mimi nikiwa hatua mbili kutoka kwako, halafu ukatoweka.

Nimekukosea. Neno hilo sijawahi kumwambia mtu. Bibi yako nilimtengenezea meko mpya badala ya kulisema, naye alielewa. Wewe uko mbali, meko haifiki, kwa hiyo nimeliandika. Sikuwa mwongo, lakini nilikuwa mkaidi, na ukaidi ndio uliokuweka peke yako pale miezi yote hiyo.

Barua hii sijui itafika lini. Kila Jumamosi nitakuwa Wingu. Wale wa Jua nimewaambia nitakuja Jumatano, muuguzi kakubali kunishikia nafasi. Huko kwako jina langu si Chuma, lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine. Naitwa Bawaba. Bado ni levo ya pili, usinicheke, bata wako wengi.

Nisalimie mwenzako mnayekaa naye chumba, na shangazi yako akikupigia mwambie sijafa. Baba yako anakusalimu, na fundi cherehani pia, kwa ukuta. Mungu akulinde kazini, akupe joto huko kwenye baridi, na akujalie moyo mwepesi kuliko wa babu yako.

Ni mimi babu yako, nikupendaye hata siku nilizoiacha simu ilie,

Fundi.

Kama huniamini tena, na una haki, waulize hawa. Mama Chaja, anajua saa zote nilizokaa kwenye kiti chake cha dirishani. Muuguzi wa fimbo nyeupe, yuko Jua kila Jumatano, mwambie umetumwa na Mzee wa Darajani. Kwa habari za Wingu sina shahidi ila mmoja: yule kijana wa koti jekundu aliyempa mgeni mikate sita. Muulize yeye kama sikuwepo.