Diski za Mishi

Mahfudha, usiondoke kwenye teleksi. Huku Malindi pamechafuka.

Unamjua Seif, mkuu wetu wa chumba cha kompyuta. Mwaka aliomuoa Mishi alizipa diski zote jina lake, MISHI1, MISHI2, akawa anatamba ofisi nzima. Na Mishi mwenyewe ndiye mwendesha mashine.

Leo wamemaliza kunakili mfumo mzima uletwe ofisini kwenu Kilifi. Nakala hutoka na majina yaleyale ya diski za asili, kwa hiyo lazima zipewe mapya. Mishi akakaa, vidole tayari, akamuuliza Seif ziitweje.

"Andika TIMA1."

Mishi akacheka. "Tima nani?"

"Tima wa Kilifi. Mke mwenzio, nimemuoa Ijumaa. Andika!"

Mbele ya watu, Mahfudha! Mbele ya watu! Na Stambuli, karani mwenzetu, akaangua kicheko, mshenzi yule. Tima huyohuyo unayekaa naye meza moja!

Mishi hakulia. Akaandika TIMA1, TIMA2, mpaka nakala ya mwisho, kama jina la mtu asiyemjua. Seif akatoka kwenda kunywa kahawa, anapiga mbinja.

Mishi akageukia diski za asili. Akaliondoa jina lake kwenye kila moja, akaizima mashine, akavaa buibui, akatoka bila kuaga.

Sasa Seif kaiwasha mashine. Haiamki mpaka iipate MISHI1. Jasho linamtiririka, anaizima, anaiwasha tena, na yenyewe inamjibu vilevile: MISHI1 haipo.