Elfu nane ni yako

Kaka, leo nimeaibika ukumbini. Mazoezi ya kwanza tangu uhame, bendi nzima inanisubiri, nabonyeza vitufe kwenye tableti, na kompyuta kimya. Kimya kabisa.

Kiongozi akasema, "Fundi, ikigoma tena tunapiga bila wewe."

Nikakagua polepole. Mtandao upo, anwani ya kompyuta ni sahihi. Kumbe ni poti, ule mlango wa namba ambao amri za tableti hupitia kuingia kwenye kompyuta. Si unakumbuka tulivyogawana milango ili tusigongane, tableti yako elfu nane, yangu elfu tisa? Programu ya muziki waliyoweka upya inasikiliza elfu nane tu. Mimi nabisha elfu tisa, nani anifungulie?

Mpiga dramu akauliza, "Si uhamie hiyo elfu nane? Nani anaitumia?"

Nikamjibu, "Ni ya mwenzangu."

Nilisema hivyo, kaka. Mbele ya watu wote.

"Mwenzako yupi, mzee? Mbona uko peke yako hapo mezani?"

Wakacheka, wala si kwa ubaya.

Kubadilisha namba kwenye tableti ni kazi ya kufumba na kufumbua. Mkono ulikataa. Nikaingia kwenye programu nikaongeza elfu tisa, muziki ukatoka.

Elfu nane nimeiacha wazi. Ukija hata siku moja, wewe bisha tu.