Niliyoyaficha Kwenye Wasifu Wako

Dada Agnes,

Nimevunja ahadi niliyokupa wodini Morogoro. Nimemwambia mwanao Yohana ulikufa kwa ugonjwa gani. Nimeona uambiwe na mimi mwenyewe.

Unakumbuka damu ilipoanza tena, miaka mingi baada ya siku zako kukoma? Tulikuwa tunapepeta mchele kwako, katika kijiji cha Ulaya karibu na Mikumi, ukasema, "Mwenzio nimerudi usichana." Tukacheka. Mimi, ambaye kazi yangu ni kuuliza, sikuuliza hata swali moja. Ulipofika hospitali, saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imeshasambaa. Ukaniomba nisiitaje, watu wasije wakakuita malaya. Basi kwenye wasifu uliosomwa makaburini niliandika kwamba uliugua tumbo kwa muda mrefu. Katika miaka yangu yote ya uandishi, ni uongo pekee niliouandika nikijua.

Mwezi huu wauguzi walitangaza kwamba wataenda shuleni kwa mjukuu wako Neema, kuwapa wasichana chanjo ya HPV. Nikasikia Yohana amesema siku hiyo mtoto atashinda shambani akifukuza ndege kwenye mpunga. Nikachukua bodaboda kutoka Mikumi hadi kwake.

"Shikamoo, mama mdogo. Umekuja kuniandika gazetini?"

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya Neema."

Akasema chanjo hiyo inafunga uzazi. Nikamwambia haigusi uzazi. Inakinga kirusi kinacholeta saratani ile, na inafaa zaidi msichana akiipata mapema, kabla hajajua mwanaume.

"Kwetu ugonjwa huo haupo," akasema. "Mama alikufa kwa tumbo. Wewe mwenyewe uliandika."

Hapo nikamwambia, Dada. Yote, hadi ulivyoniomba.

Alikaa juu ya gunia la mpunga. Kisha akasema, "Mama hakuwa mtu wa hovyo."

"Hakuwa. Kirusi hiki kimeenea mno. Hata mke aliyemjua mume wake tu anaweza kukipata."

Akanyanyuka, akamwita mkewe uani. "Sare ya Neema imekauka?"

Neema alichanjwa Alhamisi. Anasema sindano iliuma kidogo tu, ila jirani yake wa dawati alilia kabla hata hajaguswa.

Sijui ungeniambia nini. Pengine usingesema nami mwezi mzima. Hata hivyo ningemwambia tena.

Siku ile wakati naaga, nilimweleza mke wa Yohana kwamba sisi wanawake watu wazima tunatakiwa kupimwa hata kama hatuumwi. Akaniuliza, "Wewe, mama mdogo, ulipimwa lini?" Nimeandika habari za saratani hii mara nyingi, na sijawahi kupimwa. Nilikuwa naogopa.

Jumanne tunakwenda naye kliniki. Ninakuahidi sitageuka mlangoni. Majibu yakitoka, Yohana atayasikia kwangu siku hiyohiyo.

Pumzika, Dada.

Mdogo wako