Kambare wa Mzazi

Jumapili, 4 Machi

Mpwa wangu,

Nisamehe kwa kimya cha miezi minne. Sikuugua wala sikukasirika. Nilizembea, na kosa hilo sina utetezi nalo. Je, hujambo? Bonge hajambo? Nasikia ana miezi mitano tu na mashavu yameshamla shingo. Hiyo ni kazi ya kambare wangu. Usimsifu baba yake.

Mabwawa yanakwenda vizuri. Banda la kuku limesimama juu ya maji kama ulivyoliacha. Kinyesi kinaanguka bwawani kupitia mianya ya sakafu, maji yanageuka kijani, vidudu vinakula ule ukijani, perege wanakula vidudu, kambare wanakula perege. Sinunui chakula cha samaki hata kiganja. Jua na kuku wananitumikia.

Jambo moja linanitatiza. Korongo aliyejenga kiota kwenye mti wa pembeni, huyu mwizi wa kambare wangu, alitaga mayai matatu. Alipoyalalia yakapondeka chini yake kama karatasi. Akataga tena, yakapondeka tena. Wewe wa maabara labda unajua anapungukiwa na nini.

Dereva wa lori la magunia anakuletea kambare watatu waliokaushwa. Nimechagua wazee wenye mafuta, kama nilivyofanya kila mwezi tangu uliponiambia una mimba. Mzazi hapewi vidagaa.

Mjomba wako

Alhamisi, 8 Machi

Shikamoo Mjomba,

Kwa macho sote tu wazima. Barua yako niliianza nimesimama, nikaimaliza nimekaa.

Dereva anageuza kesho, kwa hiyo nijibu upesi. Unatumia dawa gani ya utitiri kwenye banda la kuku? Umeitoa wapi? Usile samaki wale. Usimuuzie mtu yeyote mpaka nikuambie.

Yule korongo hana njaa, Mjomba. Ganda likiwa jepesi hivyo, kuna kitu amekuwa akikila kwa muda mrefu. Ninachokifikiria naogopa kukiandika.

Mpwa wako

Jumanne, 13 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba. Hukuuliza hata hali ya mgongo wangu, lakini nitakuambia: bado unauma.

Dawa ni ya unga. Nilipewa debe lake ghala la pamba lilipofungwa, kwa kuwa mwenye ghala hakutaka kulitupa. Natumia kijiko kimoja kila Jumamosi, mwaka wa tatu sasa, na sijazidisha hata mara moja. Utitiri umekwisha kabisa. Maji uliyapima mwenyewe ulipokuja, ukaniambia ni safi. Ninyi watu wa maabara mkiona kijiko mnaona jeneza.

Jioni. Niliposoma tena barua yako nilikwenda kulitazama lile debe. Upande unaoelekea ukutani kuna picha ya fuvu la kichwa. Miaka yote hiyo sikuligeuza.

Nimempa dereva chupa ya tope, chupa ya vidudu, perege wawili na kichwa cha kambare. Vipime.

Mjomba wako

Jumatatu, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo, na pole kwa mgongo.

Majini karibu hamna kitu. Ndiyo maana mwaka jana nilikuambia ni safi. Nilipima maji tu. Kosa hilo ni langu. Kwenye tope dawa ipo. Kwenye vidudu ipo zaidi, kwa perege zaidi tena. Kambare nilimpima mara tatu, nikidhani chombo kimeharibika.

Perege akila vidudu kikapu kizima, sehemu kubwa inateketea katika kuogelea na kupumua, kidogo tu ndicho kinachokuwa nyama. Chakula kinapungua kila kinapopanda. Dawa hii haiteketei. Inajificha kwenye mafuta, inangoja mlaji anayefuata. Kambare mzee amebeba ya perege wote aliowahi kuwala. Ukanichagulia wazee.

Na mimi nimewala, Mjomba, mimba yote na baadaye. Anayenila mimi ni nani?

Alhamisi nilikamua maziwa yangu kwenye chupa nikayapeleka kazini. Mwenzangu wa meza ya pili akanitania, “Dada, leo umetuletea ya chai?” Nilipomweleza alinipokea chupa kwa mikono miwili.

Mpwa wako

Jumatatu, 9 Aprili

Mpwa wangu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na nguvu. Mimi silali.

Nimepita nyumba zote tisa zinazonunua kwangu. Muuza mkaa aliniuliza, “Mwalimu, mimi nimekula wangapi?” Nikaanza kumhesabia kwa vidole mlangoni pake, mimi niliyezoea kuwauliza wanafunzi. Nilitaka kufungulia mabwawa yakauke, nikaacha nilipokumbuka kijito kinakwenda wapi na ni nani wanaokunywa huko. Nimewatoa kuku na kuyazungushia mabwawa waya.

Majibu ya maziwa yakitoka niambie kama yalivyo. Usinihurumie.

Mjomba wako

Jumapili, 29 Aprili

Mpwa wangu,

Wiki tatu. Dereva anasema alikuona dirishani ukiwa na mtoto, hukumpungia. Mtoto alikuwa anacheka au analia? Hakuweza kuniambia.

Andika hata mstari mmoja, hata wa kunitukana.

Mjomba wako

Alhamisi, 3 Mei

Shikamoo Mjomba,

Imo.

Wiki mbili za kwanza nilikukasirikia, nisikufiche. Sasa sina nafasi ya hasira. Bonge anacheka, anakua, anashika kila kitu. Kwa kumtazama huoni lolote, na hilo ndilo linalonitisha: hata maji yako yalikuwa maangavu.

Daktari anasema nisikimbilie kumwachisha, kwamba hakuna chakula kinachomfaa kuliko maziwa yangu, na huenda dawa isimdhuru. Nikamwomba aniapie. Akatazama karatasi zake. Baba yake Bonge anataka niache leo hii. Amenunua chupa mbili, na zote mbili Bonge amezitema.

Nilimuuliza daktari nifanyeje dawa initoke mwilini. Akasema itachukua miaka, isipokuwa kwa njia moja ya haraka, nayo ni kunyonyesha. Nikimpa, mimi napona. Nikimnyima, inabaki kwangu, na yeye analala na njaa.

Sasa hivi analia chumba cha pili, baba yake anamwimbia. Nguo yangu imelowa kifuani. Sijainuka.

Nikishaamua nitakuandikia.

Mpwa wako