Pelznickel Ng'ambo ya Mto

Ijumaa, 22 Desemba 1950

Baba amelitoa koti la ngozi ya kondoo, ameligeuza manyoya nje, amejifunga mnyororo kiunoni. Anataka kuwa Pelznickel – lile dude letu la mkesha wa Krismasi, linalowatisha watoto kisha linawagawia mbegu za alizeti. Kwa wajukuu wake, watoto wa dada Emma. Ng'ambo ya mto! Kuvuka bila kibali cha komandanti, ofisa anayetuhesabu kila mwezi, ni miaka ishirini ya kazi ngumu. Kwetu sisi Wajerumani tu. Wakazaki wanavuka watakavyo.

Reinhold alimjibu kwa Kirusi. Mdogo wangu hajatamka neno la Kijerumani tangu tuletwe kwa nguvu huku nyika ya Wakazaki, wakati wa vita.

"Baba, unataka kuwatisha watoto au kutufungisha sote?"

"Watakua hawajui wao ni nani."

"Wanajua. Komandanti anawakumbusha kila mwezi."

Nilicheka. Kwa woga.

Jumamosi, 23 Desemba

Reinhold ameficha buti za Baba. Hawasemezani.

Jumapili, 24 Desemba

Baba hayupo. Ameondoka alfajiri na buti za Reinhold! Na kifua kile, kibovu tangu kambi ya kazi. Theluji imefunika kila kitu, hata mto hauonekani.

Reinhold alitukana, akavaa zile za Baba alizozificha – zinambana – akamfuata. Sasa wako nje wote wawili.

Mchana. Komandanti amekuja kuhesabu watu. Jumapili! Sikukuu zetu anazijua.

"Wanaume wako wapi?"

 Jirani yetu Mkazaki, Kulyash, akaingia bila kubisha, mikono imejaa unga.

"Wako zizini kwangu, ng'ombe anazaa. Utakuja kutushikia mguu, mkubwa?"

Komandanti alicheka. Kisha akasema anamaliza nyumba za upande huu, halafu atapita zizini. Hajawahi kuona ndama akizaliwa.

Zimebaki nyumba chache. Naandika huku nikingoja.

Kulyash alipanda juu ya paa la zizi kuangalia. Amerudi anahema.

"Wanakuja, binti yangu. Mdogo wako amembeba mzee mgongoni. Wanaimba!"

"Wanaimba nini?"

"Nitajuaje? Ni kwa lugha yenu."

Nimefungua mlango. Nawasikia. Wimbo wa Krismasi, Kijerumani kitupu! Naelewa – mtu aliyeshikwa na baridi akisinzia, haamki tena. Sauti ya Baba ni uzi tu. Ya Reinhold ni kubwa, haina haya, inamvuta mzee neno kwa neno.

Nyamaza, Reinhold! Hapana – usinyamaze.

Upepo unatoka kwao, unaleta wimbo hadi huku. Nyumba ya tatu kutoka kwetu, mlango umefunguliwa. Komandanti amesimama kizingitini, amevua kofia, anasikiliza.